Kalanga Bila Tikiti, Ukurasa wa Arobaini

Yaya Kabeya, kaka yangu usiye wa damu,

Wiki moja imepita tangu tumalize kilio chako. Mama Ngalula, mjane wako, amevua nguo nyeusi, amezifunga furushi, amezichoma nyuma ya nyumba. Dada zako walileta mbuzi mmoja na wakataka tuwashukuru kama wameleta wanne; unawajua. Mimi nilikuwa nimepanga siku ile iwe yangu na yako. Nilikuwa nije na kurasa zako arobaini za hadithi ya picha, zimetimia, safi, nimkabidhi Ngalula, binti yako, mbele ya ukoo wote, ili wale waliobeba cherehani, kitanda na baiskeli siku ya tatu ya msiba waone kitu ambacho hawakuwa na akili ya kukibeba.

Nilikuja nazo. Lakini nimeziharibu, Yaya. Si zote. Nitakutajia ngapi, maana hesabu haijawahi kunishinda. Ila kwanza unisikilize, kwa sababu na wewe una ya kujibu.

Ju ya nini ulizigawa? Kinyozi akikunyoa, unampa ukurasa. Muuza misumari akikuongezea misumari mitano, ukurasa. Nilipokusema, ulicheka. "Weye iko mucuruzi, Odile. Minye niko fundi. Fundi anachunga vitu ju ya nini?" Haya. Fundi hakuchunga, na mchuuzi ndiye aliyezunguka mji miezi kumi na moja kuokota.

Unakumbuka tulivyoanza? Mimi miaka tisa, wewe kumi na saba. Sisi nyumba ya sita, ninyi ya nane, kule kambi ya wafanyakazi Shituru, hapa hapa Likasi. Baba yako alikuwa karani, akirudi na michoro mizee ya kiwandani iliyokuwa itupwe. Upande mmoja mabomba na vipimo, upande wa pili weupe, na huo weupe ulikuwa wako. Mimi nauza karanga gare, pale kituo cha treni, wewe umekaa kwenye benchi la saruji, ubao magotini. Siku ya kwanza uliniita hata jina langu hujui. "Weye, kalanga! Simama vile vile. Usitikisike. Nitakuchora, na nitakula kalanga yako." Ulikula karanga za vikoni vitatu vya karatasi. Hukulipa hata kimoja, na mimi nilichapwa nyumbani.

Ndipo akazaliwa Kalanga wa michoro yako. Kasichana ka pengo, sweta ya kaka yake inamfika magotini, beseni kichwani, anapanda treni bila tikiti. Kontroleri mnene anamfukuza behewa hadi behewa na hamshiki. Watoto wote wa kambi walijua ni mimi. Walinifuata njiani: "Kontroleri anakuya! Ruka!" Nilijifanya nimeudhika. Yaya, sijawahi kuwa na furaha kama ile, wala kabla wala baada.

Ulikuwa unachora kwanza kwenye karatasi, kisha unahamisha kwenye stensili, na padri anakuruhusu mashine ya roneo ya parokia, ya kutolea nakala. Kurasa nne kwa toleo, nakala sitini, pini mbili. Matoleo tisa. Kabla ya la kumi mashine ilikufa, padri akahamishwa, na sisi tukabaki na Kalanga juu ya paa la behewa, mvua inanyesha, kontroleri anapanda ngazi. Ukurasa wa thelathini na sita. Miaka zaidi ya thelathini nilikuuliza atafika wapi. "Page ya mwisho iko. Weye ngoja tu."

Kitu kimoja sikukuambia ulipokuwa hai, nikikuambia ungefanya mzaha. Kwetu hakuna aliyewahi kunipiga picha utotoni. Picha yangu ya kwanza ni ya kitambulisho, nina miaka kumi na saba, nimekunja uso kama mwizi. Kabla ya hapo sipo popote. Nipo kwako tu, kwa wino.

Basi mimi nikaendelea na vikoni, kisha daftari na kalamu, kisha mashine moja ya fotokopi, kisha mbili, kisha ile ya kutia plastiki. Hakuna aliyenishika mkono. Wewe ukachora vibao vya maduka na kuandika majina kwenye misalaba ya makaburi. Kifua kilipokukamata hukutuma hata neno. Nilisikia kwa kinyozi, na ulikuwa umebakiza siku nne. Kutoka kibandani kwangu hadi mlangoni kwako ni hatua mia sita na kumi. Nimezihesabu baada ya mazishi. Mia sita na kumi, Yaya, na hukumtuma hata Ngalula.

Ndugu zako walipobeba godoro, karatasi zilizokuwa chini yake walizimwaga sakafuni. Mama Ngalula alizikusanya: kurasa kumi na moja. Akanipa mkononi. "Zitafute zingine. Mutoto hana kitu kingine cha baba yake. Siku ya kumaliza kilio umupatie zote." Nikasema nitampa. Nilisema hivyo mbele ya msalaba wako ambao rangi yake ilikuwa bado mbichi.

Zilibaki ishirini na tisa, nikihesabu na toleo la kumi. Kinyozi alikuwa nazo saba, kazipigilia ukutani juu ya kioo. Nilimletea kalenda mpya saba, za warembo, akaona amenipiga bao. Mwalimu wetu wa zamani alikuwa nazo kumi na mbili ndani ya daftari la mahudhurio, akazitoa huku analia. Muuza misumari alikuwa amebakiza tatu. "Mama Odile, karatasi yake ilikuwa nguvu, musumari haitoboe." Alikuwa anasifu, mpumbavu yule. Na saba za mwisho zilikuwa Lubumbashi, kwa bwana mmoja anayekusanya michoro halisi ya hadithi za picha. Anazo za watu wengi, zimelala katika makasha bapa kama watoto wa hospitali. Kwa zile saba niliuza pikipiki.

Yule bwana alinifundisha kuziangalia. Ukiziinamisha dirishani unaona penseli chini ya wino, unaona pale ulipomchora Kalanga mguu mrefu kupita kiasi ukaukata. Kwenye nakala za roneo hayo hayakuwepo. Nilipoziinamisha mara ya kwanza nilisikia harufu ya gare na ya karanga zilizoungua, nikaomba kiti. Akaniambia, "Madame, ziache zilivyo. Usizifanyie kitu." Nikadhani ni ujanja wa mnunuzi. Akaomba apige picha ya ule wa arobaini, uliokuwa kati ya zile saba, kwa simu tu. Nikamkatalia. Nilisema nakala tumeshiba utoto mzima, hii inabaki moja, na ni yetu.

Maana niliuona, Yaya. Ulikuwa kweli upo. Wino wake mpya, nadhani ni wa mwaka wako wa mwisho. Kalanga amefika, ni mama mzima na pengo lake lile lile, amekaa kibandani, mvua inapiga bati. Mashine yangu ya plastiki umeichora inatoa moshi kama kichwa cha treni. Kontroleri, mzee sasa, amesimama dirishani na kitambulisho chake mkononi anataka kitiwe plastiki, na Kalanga anamwambia: "Tikiti kwanza." Nilicheka peke yangu mpaka wateja wakachungulia. Nilikaa nao siku mbili tu.

Sasa sikia.

Unajua hapa kwetu karatasi ya maana haiachwi uchi. Cheti cha kuzaliwa, diploma, cheti cha ubatizo, vyote vinaingia plastiki, maana vumbi, maana mvua, maana mchwa. Nimefanya hivyo kwa mji huu wote. Mtu akiniletea karatasi anayoipenda, hiyo ndiyo namna yangu ya kuipenda pamoja naye. Za kwako ningeziachaje?

Ilikuwa siku mbili kabla ya kumaliza kilio, na ni majira ya kuandikisha watoto shule, foleni imefika barabarani. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Uliporudi, nikajua nina saa moja, labda moja na nusu. Nikajaribu na ukurasa wa kwanza. Ukatoka unang'aa, kila mstari mahali pake. Nikaugeuza mara mbili. Nikasema, vizuri. Kisha nikafanya hesabu ya mtu mwenye akili: umeme ukikatika, ni upi usiokubali kukosa? Nikaingiza wa arobaini. Halafu wa pili, wa tatu, nikiendelea, mkono mmoja kwenye mashine, mwingine unapokea vyeti vya watu. Kila uliotoka ukiwa moto niliulaza uso chini, chini ya sanduku la karatasi, usijikunje. Ndivyo tunavyofanya. Sikugeuza hata mmoja.

Wa ishirini na tisa ulikuwa umeingia nusu umeme ukakatika. Nilitukana, Yaya. Nilitukana kwa sauti mbele ya masista wawili. Nikauvuta polepole, nikauona. Nusu ya juu hai. Nusu ya chini imetoka jasho jeusi.

Mshumaa.

Kuanzia ukurasa wa nane rangi yako nyeupe iliisha, ukawa unasugua nta ya mshumaa mahali palipotakiwa kubaki peupe: mvua, moshi, macho ya Kalanga, pengo lake. Wino unateleza juu, weupe unabaki. "Mushumaa njo nyeupe yangu," ulijisifu. Na nani alikuwa anakuletea vipande vya mishumaa? Mimi. Mama yangu alikuwa anafagia kanisa, mimi naokota chini ya altare, natia ndani ya beseni la karanga. Mimi, kwa mkono wangu. Watu wote wa Likasi wangeweza kusema hawakujua, isipokuwa mimi.

Nikainua sanduku. Wa kwanza hadi wa saba, wazima. Wa nane hadi wa ishirini na nane, nta imeyeyuka na wino umekimbia nayo. Na wa arobaini, ambao ulikuwa na mvua kuliko zote. Kurasa ishirini na mbili na nusu. Wa thelathini hadi wa thelathini na tisa mashine haikuzifikia. Umeme niliokuwa nautukana ndio uliokuokolea kumi hizo.

Maneno yamebaki. Uliyaandika kwa kalamu ya biki, na biki haikusogea. Kwa hiyo una kurasa ambamo watu weusi bila uso wanazungumza vizuri kabisa. Na mashine ya fotokopi, Yaya, ilikuwa upande wangu wa kushoto. Hatua mbili. Ningetoa nakala kwanza, arobaini, dakika tano. Mambo ya kazi yangu ya kila siku! Ila sikutaka nakala. Niliona wivu, hata karatasi nyingine isiwe nayo.

Nilifikiria kumpeleka Ngalula zile kumi na saba nzima, nikae kimya, niseme zingine zimepotea mjini. Hesabu ingekubali, nani angejua? Nililala na hilo usiku mmoja. Asubuhi nikazifunga zote.

Siku yenyewe ya kumaliza kilio, wazee wako walipomaliza kusema, nikamwita Ngalula, nikasema nilichofanya. Sikukizungusha. Kaka yako mkubwa akauliza kama plastiki ile ina bei. Ngalula amekuwa mrefu. Ana miaka tisa. Alichukua wa arobaini, akaushika kwenye mwanga, akasoma kwa sauti, polepole: "Tikiti kwanza." Akacheka. Kicheko chako, kile cha puani. Kisha akaweka kidole katikati ya doa.

"Tantine, huyu ni nani?"

Kabla sijamjibu, mama yake akaichukua karatasi mkononi mwake, akazikusanya zote arobaini, akazihesabu mbele yangu, yeye ambaye hajawahi kuhesabu nilichompa. Akaniangalia. Hakupiga kelele.

"Na weye pia, Odile."

Hayo tu. Amenihesabu pamoja na waliobeba kitanda. Na sina la kupinga. Wao angalau kitanda bado wanakilalia.

Hii ndiyo habari yangu. Sikuombi unisamehe, maana na mimi ile mia sita na kumi sijakusamehe bado. Tubaki hivyo, kila mmoja na lake. Mashine sijaiuza, ndiyo inayonilisha, na hasira haitalipa kodi ya kibanda. Ila tangu siku ile mtu akileta karatasi yake namuuliza: "Kuna nakala?" Akisema hakuna, natoa ya kwanza bure. Wanadhani ni promosheni.

Jana nilikwenda kwa Mama Ngalula. Hakunikaribisha ndani, lakini hakufunga mlango. Nikamwomba Jumapili, baada ya misa, nikae na mtoto kizingitini, kurasa zikiwa mkononi mwake yeye, si mwangu. Akasema, "Utakuya na kalanga." Nikamwambia nitakuja nazo.

Kwa hiyo hii ndiyo ahadi, na unanijua, nikitamka namba sirudi nyuma. Jumapili moja, ukurasa mmoja. Ishirini na mbili, na ile nusu. Pale paliponenepa giza nitamwambia kilichokuwepo, mguu ulikuwa wapi, ngazi ilikuwa wapi, wewe ulikuwa umekaa wapi. Nisichokikumbuka nitasema sikumbuki. Sitaongeza kitu cha kumpendeza.

Pumzika, fundi. Kifua kisikusumbue tena. Jumapili tunaanza na ule wa arobaini. Nitaweka kidole changu pale alipoweka chake, nimjibu.

Ni mimi, nitamwambia. Huyu alikuwa mimi.

Odile