Siku Niliyokalia Kiti cha Wagonjwa

Nakuru,
Machi 2008

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, wewe pamoja na Baba. Je, kifua chake kimetulia, au bado anakataa kuvaa sweta? Na ng'ombe yule mweusi ameshazaa? Huku kwetu mji umepoa tangu wakubwa waliposhikana mikono kumaliza fujo za uchaguzi. Maduka yamefunguliwa, ingawa watu bado wanaangaliana kwanza kabla ya kusalimiana.

Maxwel alinipigia simu akasema mnataka nirudi Kimilili, na kwamba mjomba amenitafutia kazi ya ofisini, mbali na meno ya watu. Nikamwambia kaka yangu nitajibu kwa barua, maana simu hukatika kabla sijafika penyewe.

Unakumbuka nilivyolalamika mgongo mwaka jana wote, ukasema ni mto wa kulalia. Mama, ilikuwa ni kiti. Kile kiti cha kliniki kilikuwa hakipandi wala hakishuki. Mgonjwa anaketi wima kama kwa kinyozi, nami najikunja juu yake, shingo upande, kutwa nzima. Daktari Shantilal, mwenye kliniki, amesimama hivyo tangu ujana wake. Leo shingo yake imelalia bega la kushoto, na wagonjwa wageni hudhani anasikiliza kitu ukutani.

Januari, watu waliofurushwa makwao walipojaa uwanja wa maonyesho, wenye kuumwa na meno wakawa wanaletwa kwetu. Akaja Wanjugu, mama kutoka Molo, mjamzito wa kukaribia kujifungua, shavu limevimba hadi jicho limejifunga. Kiti chetu kilijua mambo mawili tu, wima au chali kabisa, na akilala chali anakosa pumzi. Basi akakaa wima, nami nikapiga magoti sakafuni, nikang'oa gego la juu nikilitazama kutoka chini. Jino likatoka. Mimi nikashindwa kuinuka.

Wanjugu, pamba mdomoni na tumbo mbele, akashuka, akanishika kwapani, akaniketisha palepale alipotoka. Akasema, "Daktari, sasa wewe ndio mgonjwa. Tulia." Nilicheka huku machozi yakinitoka. Ndipo nikajua wanachohisi wagonjwa wetu: miguu inaning'inia, chuma kinakuchoma kisogoni, taa iko machoni. Hata hujaguswa, umeshaumia.

Nilipoweza kusimama nilimwendea Daktari Shantilal, nikamwambia ama tulete kiti kipya ama niondoke. Akajibu kwamba amefanya kazi hivyo maisha yake yote. Nikamwambia, kwa adabu lakini bila kupunguza, kwamba hiyo ndiyo sababu nimemjia. Mkewe, Mama Pushpa, alikuwa anapanga kadi mezani. Akasema bila kuinua macho, "Shantilal, ukimbeba mjukuu wako unaenda kulia chooni. Unadhani sisikii?" Mzee akavua miwani, akaifuta, akaifuta tena, kisha akapiga simu Nairobi.

Kiti kilichelewa kwa ajili ya barabara kufungwa, lakini kilifika. Unakanyaga tu, kinapanda au kushuka. Mgongo wake unasimama popote upendapo, na kichwa kina mto wake. Mgonjwa analala magoti yameinuka kidogo, nami naketi kwenye kistuli, mgongo umenyooka, viwiko karibu na mbavu. Dereva mmoja wa lori kutoka Salgaa, Kiprugut, ambaye huko nyuma alikuwa akitoroka akiona sindano, alikoroma nikimziba jino. Daktari Shantilal naye anajifunza kuketi. Akisahau akasimama, Mama Pushpa anakohoa.

Sasa Mama, hapa pumzika kidogo kabla hujaendelea. Si mgongo peke yake. Tangu kabla ya Krismasi vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto vimekufa ganzi. Sikuwaambia kwa kuwa mlikuwa na hofu ya kuwatosha. Picha zinaonyesha mshipa umebanwa shingoni, na nitapasuliwa Eldoret baada ya Pasaka. Daktari wa huko aliniuliza kama niko tayari kuiacha kazi hii. Nikamwambia nimekuja kutibiwa ili niendelee nayo. Akasema nikifanya kazi nimeketi vizuri inawezekana, ila hakuniahidi. Mimi hiyo "inawezekana" nimeishika kwa mikono yote miwili, hata huo wenye ganzi.

Kwa hivyo sirudi Kimilili. Mjomba mshukuruni sana. Ninachoomba ni wewe uje. Kwa muda sitaweza kuinua mikono, na sitaki mtu mwingine anisuke nywele. Baba akinung'unika, mwambie binti yake yuko kazini.

Nisalimie Maxwel na watoto wake, majirani wa kule mtoni, na yeyote anayekusomea hii kama miwani yako bado imevunjika. Mungu awafunike nyote.

Ni mimi binti yako,
Nekoye