Njia ya Baba Msituni

Kaka Orrin,

Hujambo na hilo joto la Florida? Nimeipata! Njia aliyoifyeka Baba msituni, akafa bila kutuonyesha. Inaanzia chini ya yale matuta ya theluji yaliyokuvunja goti. Jana niliyashuka yote nikiteleza na skii zangu ndefu miguuni, mapaja yakiwaka moto, nikajitosa kati ya miti. Theluji laini, Kaka, haijaguswa na mtu! Ungekuwepo ningekuacha nyuma ukila vumbi lake.

Nikaita "Huuu!" kama Baba alivyotufundisha, ili kila mmoja ajue mwenzake yuko wapi. Kimya. Ndipo nikakumbuka kuwa niko peke yangu.

Unasema hutavaa skii tena. Sawa, usivae. Njoo tu usimame pale chini, nikiita uitike.

Dada yako mkaidi,
Delphine