Pezi la Pili

Mama watoto,

Boti msiiguse! Inaning'inia kwenye minyororo gereji, asipite mtu chini yake. Chai iko kwenye chupa.

Nimekimbilia kwa fundi wa kuchomelea kuomba trela, yetu haifai tena. Jana si nilitoboa tumbo la boti matundu manne nikafunga pezi la pili, ili inyooke ikienda, isiyumbe binti yetu akiwa nyuma anateleza juu ya maji, akivutwa na kamba? Asubuhi hii naishusha, pezi likagota kwenye chuma cha trela. Boti haikai. Uliniambia nipime trela kwanza, nikakufokea kwamba hujui boti. Kweli, boti huijui. Unanijua mimi.

Mashindano yake ni saa nane. ~~Mwambie atafute boti nyingine.~~ Usimwambie kitu kwanza, nakuomba.

Tangu alipoanguka akateguka bega, hanisemeshi. Ni "sawa, baba" tu, basi. Miezi miwili nailaumu boti, mpaka nimeitoboa. Lakini haikuyumba yenyewe. Niligeuka kumtazama kama bado amesimama, na mikono ikageuka na mimi kwenye usukani. Sijamwambia mtu.

Nisipopata trela nimekwisha. Nikipata, twende wote, tafadhali. Kaa kiti cha nyuma, umwangalie wewe. Nikiwa peke yangu nitageuka tu, hata nikifunga mapezi kumi.

Baba watoto