Saiprasi Nne Kando ya Ukuta

Jumapili, 2 Machi
Kanisa, kisha maji ya miti. Saiprasi nne, ndoo moja kwa kila moja, polepole mpaka udongo ukubali. Jua kali. Ya karibu na geti ndiyo ndefu kuliko zote, imebakiza kiganja kufika juu ya ukuta. Ya nne, nyuma ya jikoni, imedumaa. Nyumba inaikinga jua.

Kati ya nyumba na ukuta mtu mmoja hupita na beseni kwa shida. Ndiyo maana mume wangu Boni alichagua hizi nyembamba, zinazopanda bila kutanuka. Aliziona Lavington kwenye nyumba aliyokuwa akipaka rangi. Alizipanda siku moja kabla ya kwenda kazini Doha. Akajipangusa udongo kwenye suruali, akasema zikipita ukuta atakuwa amerudi kwa mkewe.

Huu ni mwaka wa nne.

Nataka arudi. Naliandika hapa kwa sababu nikilisema kwenye simu anageuza mazungumzo.

Jumatano, 19 Machi
Kazini River Road siku nzima, nikichapa kadi za harusi za watu. Jioni nimepitia Ngara kununua kamba ya katani. Muuzaji akanisukumia nailoni. Nimekataa. Nailoni hula gome la mti.

Nimenunua pia mbolea ya kuku. Najua mara moja inatosha, mvua ikianza. Nimeshaweka mara moja. Nimeweka tena.

Jumamosi, 12 Aprili
Nimejitakia. Mbolea imeleta matawi mengi, marefu, laini kama mchicha. Mvua imeyalaza. Saiprasi ya geti imefunguka kama mwavuli uliovunjika mbavu. Nimezizungushia kamba kutoka chini kwenda juu, bila kukaza. Mikono inanuka utomvu.

Mama Zuhura, jirani yangu wa Lamu mwenye duka la vitambaa, alikuwa ananitazama dirishani.

"Shoga, waisuka?"

Nikamwambia naizuia isilale.

"Haya, lakini usiikaze sana. Hata mume hafungwi hivyo."

Tulicheka sote wawili. Nilipoingia jikoni nikaacha kucheka.

Jumapili, 11 Mei
Imepita. Ncha ya saiprasi ya geti iko juu ya jiwe la mwisho. Nimetoka barabarani kuhakikisha. Inaonekana mpaka kwa kinyozi. Nimesimama pale kama mjinga na Biblia mkononi, watu wakinipita.

Sijamwambia Boni. Nataka aulize mwenyewe.

Jumapili, 18 Mei
Amepiga. Joto la huko. Goti la mama yake. Mpishi mpya wa kambini asiyejua ugali. Hakuuliza.

Sikumwambia. Kiburi tu.

Ijumaa, 30 Mei
Asubuhi Fundi Oduor amefika na mkokoteni wa mawe. Sikumwita. Ameagizwa na Boni. Wezi waliruka ukuta wa jirani wa nyuma mwezi uliopita, shemeji akampelekea Boni habari. Sasa Boni anataka ukuta uongezwe kozi tatu za mawe, safu juu ya safu, na seng'enge juu yake.

"Madam, tukimaliza hapa mwizi atakuja na ngazi ya zimamoto."

Kozi tatu. Miti yote itakuwa chini tena. Miaka miwili, labda zaidi, kabla ya kuupita ukuta.

Kisha Oduor akazishika saiprasi. "Hizi zitanisumbua kusimamisha mbao. Wacha nikate vichwa tu. Zitaota."

Nikamwambia hazioti hivyo. Ikikatwa ncha haileti ncha nyingine moja, huleta nyingi, na mti hunenepa juu kama ufagio.

"Si ni miti tu, madam?"

Nikamwambia arudi Jumatatu. Ameacha mawe mbele ya geti. Nimechelewa kazini.

Ama Boni amesahau alichosema, ama anakumbuka. Sijui lipi ni baya zaidi.

Jumapili, 1 Juni
Nimempigia mimi. Nikamwambia ukuta haujengwi. Akapandisha sauti. Wezi, mke yuko peke yake, yeye atalala vipi huko. Nikamwacha amalize.

"Boni, miti imepita ukuta."

"Miti gani?"

Nilikuwa nasikia feni ya chumba chao.

"Zile saiprasi," akasema. "Kumbe bado zipo?"

Hakuwa anaigiza. Alikuwa amesahau kabisa. Kisha sauti yake ikashuka, nikajua amekumbuka. Ndipo akaniambia. Alitia sahihi mkataba wa miaka mingine miwili mwezi wa Februari. Aliogopa kusema. Anasema akirudi leo atarudi kushika brashi ya watu, na mtaa mzima utauliza alienda kufanya nini.

"Ungeniambia Februari."

"Ndiyo. Ningekuambia."

Sikulia kwenye simu. Nimelia nikiosha sufuria. Nina hasira naye na bado ningempikia leo hii.

Jumatatu, 2 Juni
Oduor amekuja mapema. Nimemwambia ayarudishe mawe yote, afunge seng'enge juu ya ukuta uliopo, basi.

"Na boss atasemaje?"

"Boss yuko Doha."

Akapiga mluzi, akaanza kupakia.

Jumapili, 15 Juni
Baridi. Mawingu tangu asubuhi. Msimu huu miti haitaki maji mengi, mizizi huoza. Nimepunguza. Ya pili nayo imefika ukingoni mwa ukuta.

Boni ameniandikia. Anaomba picha ya saiprasi. Ni mara ya kwanza tangu aondoke.

Nimetoka na simu. Nimepiga moja, miti na ukuta na kipande cha anga. Imetoka vizuri. Nikaitazama sana. Sikuituma. Nikamwandikia: Njoo uione.

Ameusoma ujumbe. Hajajibu. Saa ya Doha ni hii hii yetu, huko nako jua linatua.

Chai imepoa. Naenda kuipasha.