Cherehani ya Mama Atieno

Jumatatu, 29 Novemba 1976
Hakuna maji mtaani kwetu, Satellite. Nimenyoa ndevu kwa maji ya moto yaliyobaki kwenye birika. Nikapitia karakana ya Mzee Njoroge, mwenye plot ninapopanga chumba. Anashona sare za shule hapa Kawangware. Kila Desemba huchinja mbuzi na kumpa mshonaji bora zawadi. Mimi ndiye hukabidhi. Anaamini watu wa gazeti kama mimi hawana upande.

Mwaka huu zawadi ni cherehani mpya. Shida ni nani apewe. Zamani bora alikuwa asiyechelewa. Njoroge alisimama mlangoni kila asubuhi na kuwaona wakiingia. Sasa chumba hakitoshi. Vitambaa hukatwa hapa, kola na mifuko hushonwa na wanawake majumbani mwao, Lindi na Laini Saba, vijiji vya Kibera.

“Nitajuaje nani amechelewa, na mtu anaamka tu, anageuka, yuko kazini?”

Nikamwambia aangalie kazi inayorudi, si mtu anayefika. Hakupenda. Hakukataa.

Jumatano, 1 Desemba
Njoroge ameamua. Alimwuliza Wambua, msimamizi, ni kola za nani hazijawahi kufumuliwa. Jibu lilikuwa moja: za Mama Atieno wa Lindi. Ilikuwa iwe siri mpaka Jumamosi. Kufika saa nne karakana nzima inajua.

Wa ndani wamenuna. Kariuki, anayepiga pasi, alisema: “Huyo hata sura hatujui. Pengine ni jini inashona.” Wakacheka. Gathoni, mshonaji wa ndani, hakucheka. Yuko hapa tangu karakana ianze na hajachelewa hata siku moja. Alikuwa na haki ya kutocheka.

Alhamisi, 2 Desemba
Kibera, habari ya bomba lililopasuka. Mistari minne gazetini, labda mitano. Baadaye nikapita Lindi.

Mama Atieno ni mjane, ametoka upande wa ziwa. Chumba kimoja, pazia, watoto nyuma ya pazia. Cherehani si yake. Amekodi kwa jirani. Jirani anahamia kwao Jumatano ijayo na anaondoka nayo. Ikienda, kazi imekwisha. Alinieleza bila kuacha kukanyaga.

Njoroge alinikataza kumwambia juu ya zawadi. Anataka ashtukie mbele ya watu. Nikamwuliza tu kama atakuja kwa mbuzi.

“Wee bwana, hiyo nyama ni ya watu wa ndani. Sisi wa nje tunasikianga harufu.”

Nikasema mwaka huu wote wameitwa. Akasema asante. Sikupata ndiyo wala hapana.

Jumamosi, 4 Desemba
Siku mbaya.

Nyama ilikuwa nzuri, na mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, pia. Nilisimama, nikaita: Rosa Akoth, Mama Atieno wa Lindi. Nikaita tena. Nikaita mara ya tatu nikitazama mlango.

“Jini haitokangi mchana!” Kariuki.

Njoroge ana kanuni yake ya miaka mingi: asiyekuwepo hapewi, zawadi humwendea anayefuata. Aliiweka enzi zile watu walipokuwa wakitoroka kazi kila Desemba. Anayefuata alikuwa Gathoni. Alilia. Wenzake wakampigia vigelegele mpaka watu wa barabarani wakachungulia.

Nilimfurahia Gathoni. Nilikasirika pia.

Jumapili, 5 Desemba
Lindi. Mama Atieno ni Msabato. Jana alishinda kanisani.

Rahisi hivyo. Aliwahi kuomba kazi ndani ya karakana. Jumamosi ndiyo iliyomshinda. Kazi ya kupelekewa nyumbani ilimfaa kwa sababu hiyo. Njoroge ni mzee wa kanisa la Jumapili, kwa hiyo mbuzi wake ni wa Jumamosi. Kola za Lindi hufika Ijumaa kabla ya jua kutua, kila wiki, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mimi naishi kwa kuuliza. Sikuuliza.

Nikamweleza yote.

“Uliniita kwa jina?”

“Mara tatu.”

“Na hao wa ndani wote wakasikia?”

“Wote.”

Akakaa. Kisha akauliza nani alichukua. Nikamtajia. “Huyo ni wa siku nyingi,” akasema. “Ni haki yake.” Hakulalamika. Alitazama cherehani ya jirani, na nikaondoka.

Jumatatu, 6 Desemba
Nikamwambia Njoroge. Akasema neno lililotoka mbele ya watu halirudi, hatamnyang'anya Gathoni. Nilikubaliana naye.

Gathoni alikuwa mlangoni. Mama yake ni mgonjwa. Kumbe tangu Jumamosi ameshaamua kushonea nyumbani, kwa kuwa sasa ana cherehani yake.

“Na ile ya karakana nimekalia miaka yote? Itabaki hapo ikiota kutu? Mpelekeeni huyo mama. Hata mimi sasa ni wa nje.”

Njoroge akakuna kichwa. “Ngai! Basi hiyo mbuzi nitakuwa nachinjia nani? Wa ndani wanaisha.”



Jumatano, 8 Desemba
Jirani ameondoka na cherehani yake. Njoroge bado anafikiri. Nimepita kwake mara mbili. Wanawake wawili wa Lindi wameomba wapewe mzigo wa kola wa Mama Atieno. Wambua amewazuia, kwa sasa.

Ijumaa, 10 Desemba
Njoroge amekwenda mwenyewe, nami nikamfuata. Hajawahi kufika Lindi maishani mwake. Alitembea nyuma ya mkokoteni uliobeba ile cherehani ya zamani ya Gathoni, koti la kanisani, viatu vyote matope. Mlangoni hakubisha. Aliita jina lote la Mama Atieno kwa sauti, kama nilivyoita mimi uani kwake, mpaka majirani wakatoka. Akatangaza kwamba mashine sasa ni ya huyo mama, si ya kukodi, na kwa nini anapewa. Mama Atieno alisimama ameshika kidevu. Mtu akaanza kupiga makofi.

Ndani, Njoroge alitazama kila kitu: taa, pazia, kola zilizokunjwa kitandani. Akakaa kwenye kigoda cha mtoto. Mama Atieno akashona kola moja. Kisha akafunika cherehani kwa leso.

“Jaribu ingine, nione.”

“Kesho jioni, mzee. Jua inaingia.”

Njoroge akatazama mlangoni. Kweli, lilikuwa linaingia. Akavua kofia. Binti yake Atieno akaleta chai, na tukainywa.

Tumerudi kwa miguu. Karibu na Kawangware akaniuliza kama Jumatatu ni siku mbaya kuchinja mbuzi.