Hotipoti ya Deo

Nyakahura, Jumapili usiku

Hata anavyokoroma nampenda. Mume wangu. Nimeliandika neno hili, bado jipya kwangu, ili niliangalie tu.

Leo mchana tulikwenda banda la video. Filamu ilikuwa ya kuchekesha, ya mke na mume vijana wa mjini, wote wafanyakazi wa benki. Mume anafukuzwa kazi, anaona aibu kusema. Kila asubuhi anavaa tai, anabeba chakula alichofungiwa na mkewe, anakwenda kukila makaburini. Siku moja anamkuta mkewe kaburi la pili, naye kavaa suti, naye anakula. Mtafsiri anayetuwekea Kiswahili juu ya filamu akasema, "Karibu ofisini, shemeji." Banda zima tukacheka mpaka machozi yakatutoka.

Deo hakucheka.

Njiani akaniambia kwamba duka la pembejeo lilimwachisha kazi tangu Jumatatu. Na mimi wiki nzima nampigia pasi shati, namfungia ndizi na maharage kwenye hotipoti.

"Sasa ulikuwa unakula wapi?"

"Uwanja wa mnada. Hata mbuzi wamenizoea."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Naogopa, sikatai. Tutaishije bila mshahara wake? Lakini ameniambia mwenyewe, sikumfuma makaburini.

"Kesho tunakwenda wote shambani," nikasema.

"Bibi harusi halimi kabla mama mkwe hajamkabidhi jembe."

"Basi nitamwamkia mapema. Shikamoo mama, naomba jembe langu."

Hapo ndipo alipocheka.

Hotipoti nimeshaiosha. Kesho nitaijaza chakula cha watu wawili.