Kamera Mbili na Begi Moja

Mpendwa mshauri Benta, naomba msaada wako kabla begi hili halijanigombanisha na mume wangu, kwa maana tunalifunga na kulifungua kila siku na safari inakaribia. Mimi ni mpiga picha, nina studio yangu ndogo hapa Migori nyuma ya soko, na mwaka huu wa 1996 kanisa letu limenichagua niende Norwei kwa mwaka mmoja na zaidi, nikae na waumini wa huko, wiki hii mji huu, wiki ijayo mji mwingine, nikiwaonyesha picha za kwetu na kupiga zao nizilete nyumbani, na tumeambiwa wazi kwamba huko hakuna mtu wa kukubebea mzigo, unapanda treni na begi lako mgongoni.

Sasa nina kamera mbili. Moja ni ya Kirusi, chuma kitupu, ndiyo iliyonijengea jina, ina lenzi tatu na flashi na stendi ya miguu mitatu, na vyote pamoja vinakula nusu ya kilo ninazoruhusiwa kwenye ndege, hata sweta sina pa kuzitia. Ya pili ni ndogo, inaingia kiganjani, niliachiwa na mgeni niliyempiga picha kisiwani Takawiri, nayo picha zake ni safi, siwezi kuisingizia. Lakini nikiitoa hapa Migori wateja wananicheka, juzi mama mmoja aliniita binti wa Kisii kwa Kijaluo chake, akaniambia, "Nyar Kisii, hiyo ni kamera ama ni sabuni? Leta ile kubwa, na hizi viatu zionekane zote, nimenunua Homa Bay." Kwa hivyo mume wangu Mayaka, ambaye huchukua omena, wale dagaa wa ziwani, kule Muhuru Bay na kuja kuwauza huku, anasema nikienda na kasabuni nitamwaibisha, watu watadhani ameoa mtu wa kubahatisha, na kila nikiitoa ile kubwa begini naikuta amekwisha kuirudisha, ameifunika na gauni langu la Sabato, na yeye mwenyewe hajawahi kushika kamera hata siku moja, anasema mikono yake ni ya magunia.

Mshauri, ningeishia hapo lakini kuna jambo lingine. Tuna binti, Moraa, ana miaka minne. Studio yangu ina pazia lililochorwa ndege na ngazi zake, wateja wanapenda kusimama hapo na mkoba mkononi kama watu wanaosafiri, nami nimewasafirisha wengi hivyo, na picha pekee niliyo nayo ya mtoto wangu ni hiyo ya pazia, ameshika mkoba wangu, amekaza uso kama karani, kwa sababu filamu ni za wateja na kila siku nilikuwa nasema yeye nitampiga kesho. Jumapili nilipokuwa napanga vitu alichukua ile kamera ndogo akanichungulia nayo, akasema, "Mama, mbona uko mbali?" Nilikuwa hapo hapo mbele yake, mshauri, niliziacha nguo sakafuni nikatoka nje nikalia. Tangu siku hiyo nikimtazama akinywa uji nashikwa na hamu naye kama mtu niliyekwisha kumwacha, na naogopa nitarudi nimkute mtoto mwingine, anisalimie kwa mkono kama mgeni. Mara nasema nibebe kila kitu nisije nikajuta huko, mara nasema nisiende kabisa. Tafadhali niambie, nibebe kamera gani?

Nyasuguta, Migori

*

Nyasuguta, pole sana, na sasa keti nikugombeze.

Beba ile ndogo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo maana Mayaka anakutwisha chuma ambacho hatakipandisha yeye kwenye treni. Huko hakuna atakayekuuliza kama viatu vimeonekana. Utapiga watu mezani, njiani, mlangoni mwa kanisa, na kamera iliyo mfukoni ndiyo utakayoitoa. Ile nzito utaionea uvivu ibaki begini, uwe umembebea mumeo heshima yake bure. Stendi iache, uegemee ukuta. Lenzi ndefu iache, na ukitaka uso wa mtu uwe mkubwa kwenye picha, msogelee, ila msalimie kwanza. Filamu zako ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linalotupwa tumboni mwa ndege. Baridi huziua betri, kwa hivyo ya akiba ikae ndani ya nguo, karibu na mwili. Nafasi itakayobaki jaza sweta.

Hilo la begi limekwisha. Lile la kutokwenda kabisa lifute, na usinitafutie mimi niwe sababu yako. Kanisa zima limekuchagua, na mtoto unamwacha na baba yake, humwachi barabarani. Hamu uliyo nayo si dhambi wala si dalili mbaya. Ni mtoto wako, ulitaka usione kitu?

Lakini nina ugomvi na wewe. Umewapiga watu wa Migori yote kuanzia kofia hadi viatu, na wako mwenyewe umempa picha moja, tena mbele ya ndege ya rangi! Mganga hajigangi, basi? Theluji utaichoka mapema, dada yangu. Utakachokililia huko ni hicho kikombe cha uji, na hakuna lenzi inayofika Migori kutoka Norwei, hata ungebeba zote tatu.

Kwa hivyo ile kamera kubwa ibaki nyumbani, mikononi mwa Mayaka. Mwambie nimesema mimi. Mkono unaoweza kufunga gunia la omena lisimwagike unaweza kubonyeza kitufe. Chukua rangi ya kucha, mtilie alama nyekundu kwenye namba ya kupigia juani na nyeupe kwenye namba ya kupigia kivulini, mfundishe kuzungusha lenzi mpaka nyusi za mtoto zionekane vizuri, umwachie na filamu zake ambazo mteja yeyote asiziguse. Ampige Moraa akisukwa, akinuna, akilala juu ya magunia, uji ukiwa mdomoni. Kila filamu ikiisha aipeleke ikaoshwe, akutumie picha, nawe umtumie zako. Hapo utamwona akikua, na yeye atakuwa anajua mama yake yuko wapi na amevaa nini.

Na usiondoke bila jambo hili. Katika barua yako yote sikuona picha yako mwenyewe, na nadhani huna, kwa maana siku zote wewe ndiwe uliye nyuma ya kamera. Moraa atakukumbuka kwa kitu gani? Basi kesho kunja hilo pazia, toka uani, mpakate mtoto wako, umpe Mayaka kamera, na picha yake ya kwanza iwe yenu ninyi wawili. Atawakata miguu. Nyumba itainama. Nyamaza, usimsahihishe, cheka na mtoto wako.

Osha nakala mbili. Moja itie begini pale ilipokuwa lenzi ndefu. Ya pili Mayaka aipigilie ukutani, asiitundike juu kule wanakotazama wageni. Aishushe, ikae sawa na macho ya Moraa.